Alidaiwa msukule zaidi ya miaka 70, jina lake lipo kwenye kitabu cha marehemu

Na Mwandishi Wetu, Iringa

Turubai la msiba lilifungwa hatua chache kutoka nyumbani kwa bibi yangu, hapa Ipogolo. Viti vilipangwa, sufuria za ubwabwa zikabandikwa, akina mama wakapita mmoja mmoja na vitenge vyao kiunoni kuelekea msibani. Bibi, mwenye umri wa miaka 82, alikaa kwenye kigoda mlangoni kwake, akiangalia malori yanayopanda kwenda Zambia. Hakwenda.

Aliyefariki alikuwa mtoto wa baba yake mkubwa. Kwa desturi yetu huyo si binamu, ni kaka. Mtu asiyemzika kaka yake aliye jirani namna ile lazima awe na sababu nzito, na mimi nilikuwa nimefika kutoka kazini nikidhani tutakwenda pamoja.

“Bibi, shikamoo. Mbona hujajiandaa?”

“Marahaba, mke mwenzangu. Nenda wewe. Mimi nyumba ile siingii, na wao hapa hawaingii. Ndivyo tulivyokuzwa.”

Jioni ile ndipo nilipoelezwa jambo ambalo wazazi wangu walilijua nusunusu na sisi wajukuu hatukulijua kabisa. Baba yake bibi na kaka yake mkubwa waliondoka pamoja kwenda kufanya kazi ya mkonge, wakati bibi akiwa mtoto wa miaka saba au minane. Kaka alirudi peke yake na baiskeli mpya. Alisema mdogo wake amekufa kwa kichomi na amezikwa hukohuko. Wapo waliomwamini. Wengi walisema amemuuza mdogo wake, amemfanya msukule, na baiskeli ndiyo malipo.

Tangu hapo nyumba mbili za ukoo mmoja hazizikani. Zimehama kutoka vijiji vya upande wa Kilolo, zimeshuka zikajenga Ipogolo karibu na Mto Ruaha Mdogo, zinachota maji bomba moja na kununua nyanya soko moja, lakini kwenye msiba kila nyumba inalia peke yake.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Kichomi ni ugonjwa ninaoufahamu, na msukule sijawahi kuuona kwenye cheti cha kifo. Nikamuuliza bibi kama ataniruhusu kumtafuta baba yake. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema nimtafute, ila nimwambie nitakachokikuta, hata kama ni kibaya.

Kumbukumbu zilizokuwa chini ya kitanda

Watu wengi wakisikia habari ya kutafuta kumbukumbu za ukoo hufikiria ofisi za serikali. Mimi nilianzia kwenye sanduku la bati la bibi, na humo nikapata vitu vitatu.

Cha kwanza ni cheti chake cha ubatizo, kilichochakaa kwenye mikunjo. Kilikuwa na jina la ubatizo la baba yake, jina la ukoo lililoandikwa tofauti na tunavyoliandika leo, jina la parokia na namba.

Cha pili ni wasifu wa marehemu mama yake, uliosomwa kaburini mwaka 1988. Ni karatasi moja, imepigwa chapa kwa mashine. Kila msiba wetu una karatasi ya namna hiyo: marehemu alizaliwa lini na wapi, alisoma wapi, aliolewa na nani, aliugua nini, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Tunaisoma, tunaitikia, kisha inafungiwa maandazi. Kumbe ndiyo tanzia yetu, na kwa familia nyingi ndiyo historia pekee iliyowahi kuandikwa. Ule wa mwaka 1988 ulikuwa na sentensi fupi kuhusu mume: “alikwenda Kimamba na hakurejea.”

Hapo nikapata jina la mahali. Bibi alikuwa akisema “mkonge” tu, na mkonge ulilimwa Tanga, Morogoro na Lindi. Kimamba ipo Wilaya ya Kilosa.

Cha tatu ni daftari la rambirambi la msiba huohuo. Majina, kijiji, kiasi. Shilingi 20, shilingi 50, debe la mahindi. Ukurasa wa nne kulikuwa na shilingi 200, mchango mkubwa kuliko yote ukiondoa wa watoto wa marehemu. Jina la mtoaji lilikuwa la mtoto wa baba mkubwa, yuleyule ambaye turubai lake lilifungwa wiki ile. Hakuja msibani kwa sababu hakuruhusiwa, lakini alituma fedha. Aliyeandika alipokea, akanyamaza. Bibi hakuwahi kulifungua daftari lile.

Walijuaje kuwa kuna msiba? Bibi alikumbuka mara moja. Tangazo lilisomwa Redio Tanzania. Wasomaji wenye umri wanakumbuka jinsi nyumba ilivyonyamaza wakati wa matangazo ya vifo: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, habari ziwafikie fulani na fulani. Katika nchi ambayo simu zilikuwa chache, tangazo lile ndilo lililowaita watu kutoka Mbeya, Songea na Dar es Salaam.

Manamba walikuwa nani

Ili kumtafuta mtu ni lazima ujue maisha ya wakati wake. Vijana wa Nyanda za Juu Kusini wa kizazi cha babu huyo walikuwa na njia chache za kupata fedha ya kodi, nguo na mahari. Wapo waliokwenda kwenye dhahabu ya Lupa, Chunya. Wapo waliokwenda migodi ya Afrika Kusini kupitia shirika ambalo wazee wa Mbeya bado wanaliita Wenela. Na wapo waliokwenda mkonge.

Hao wa mkonge waliitwa manamba, kwa sababu kila aliyeandikishwa alipewa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kutafuta vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, ambayo mawakala wake walikusanya watu kutoka mikoa ya mbali na kuwasafirisha hadi mashambani. Kibarua alikuwa na kipande, kadi ambayo siku alizofanya kazi zilitiwa alama. Kipande cha siku 30 za kazi kilitakiwa kijae ndani ya siku 42, na mshahara ulitegemea kujaa kwake.

Kwa macho ya afya, safari ile ilikuwa ya hatari. Mtu aliyekulia kwenye baridi ya nyanda za juu, ambako mbu wa malaria ni wachache, alipelekwa bondeni bila kinga ambayo wenyeji wameijenga tangu utotoni. Alilala kambini na watu wengi katika chumba kimoja, chakula chake kikiwa cha posho. Mazingira hayo ndiyo yanayopenda malaria, kuhara na magonjwa ya mapafu. Kijana kufia mkongeni hakukuhitaji mchawi.

Kwa nini serikali haikuwa na jina lake

Wengi wangeanzia kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, na kwa vifo vya miaka ya karibuni hapo ndipo pa kuanzia. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ilianza kutumika Tanganyika tarehe 1 Aprili, 1921, na leo ni Sura ya 108 ya sheria zetu. Lakini wakati wa ukoloni, kwa Waafrika wa wilaya nyingi kusajili kifo hakukuwa lazima. Kijana wa Kihehe aliyefia Kilosa mwanzoni mwa miaka ya 1950 angeweza kuzikwa bila ofisi yoyote ya serikali kuandika.

Kumbukumbu nyingine za serikali zipo kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, kwenye jengo lake la Upanga, Dar es Salaam. Humo yamo majalada ya Wajerumani na ya Waingereza, pamoja na vitabu vya wilaya ambavyo mabwana shauri waliandika habari za machifu, koo, kodi na njaa za maeneo yao. Ukitafuta jumbe, karani, mwalimu au mtu aliyekuwa na kesi, unaweza kumkuta humo kwa jina. Ukitafuta kibarua, utakachokuta zaidi ni idadi.

Magazeti ya zamani nayo yanasaidia. Mambo Leo, lililotolewa na serikali kuanzia mwaka 1923, lilipokea habari kutoka kwa wasomaji wa miji na wilaya mbalimbali, na vifo vya watu waliojulikana vilikuwa sehemu ya habari hizo. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina chumba maalumu cha vitabu na magazeti ya Afrika Mashariki. Lakini kwa babu yangu mkuu, aliyekuwa mkulima na kibarua, njia iliyobaki ilikuwa moja: kanisa lililombatiza.

Alama ya msalaba pembeni

Parokia ile ipo nje ya mji, na sitaitaja. Nilikwenda na barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, cheti cha bibi na kitambulisho changu. Katekista mzee alinipokea kwa “Kamwene”, nikaitikia, akanikalisha kwenye benchi na kunieleza jinsi vitabu vinavyofanya kazi.

Parokia ya Kikatoliki huwa na vitabu tofauti vya wabatizwa, wa kipaimara, wa ndoa na wa marehemu. Kile cha wabatizwa ndicho mama wa vyote, kwa sababu mtu anapofunga ndoa kwingine, parokia ile inatakiwa kuiandikia parokia aliyobatizwa, na habari hiyo huandikwa pembeni ya jina lake. Kwa hiyo mstari mmoja wa ubatizo unaweza kukusanya maisha mazima ya mtu aliyehama mara tatu. Makanisa mengine nayo yana vitabu vyao. Familia za Kilutheri na za Kimoravian za Nyanda za Juu zinaweza kuanzia kwenye sharika zao za zamani.

Tulitafuta kwa namba ya cheti cha bibi, tukampata. Mstari wake ulikuwa na jina la baba. Kutoka hapo tukarudi nyuma kumtafuta baba mwenyewe, ambaye bibi alisema alibatizwa akiwa mtu mzima, kabla ya ndoa. Kurasa nyingine zilikuwa zimeliwa na mchwa, na mwandiko ulibadilika kila alipobadilika padri. Kulikuwa na watu watatu wenye jina moja la ubatizo na jina la ukoo linalofanana. Mmisionari mmoja aliandika “w” pale ambapo mwingine aliandika “v”. Hapo ndipo mtu mwenye haraka anapombeba marehemu asiye wake.

Tuliwatenganisha kwa jina la baba, kijiji na mke. Watatu wakabaki mmoja. Pembeni ya jina lake kulikuwa na ndoa, iliyofungwa palepale, pamoja na jina la mama yake bibi. Chini ya ndoa, kwa wino mwingine, kulikuwa na msalaba mdogo, neno la Kilatini “obiit”, mwaka 1951 na jina la mahali Kilosa.

Katekista alinitafsiria, ingawa nilikuwa nimeshaelewa. Amefariki.

Maana yake ni kwamba zaidi ya miaka 70 iliyopita padri wa huko Kilosa aliandika barua, padri wa huku akaisoma, akafungua kitabu na kuandika. Kama kuna aliyepanda milima kuiambia familia, sijui. Kama aliambiwa mtu, huenda hakuaminiwa.

Safari ya Kilosa

Nilipanda basi alfajiri, tukapita Ruaha Mbuyuni na Mikumi, nikashuka na kuchukua gari la Kilosa. Parokia niliyoelekezwa nayo sitaitaja, kwa sababu kitabu chake kina siri za familia nyingi ambazo hazijaniruhusu niziguse. Paroko alisoma barua zangu, akaniomba nisipige picha, akafungua kitabu cha marehemu yeye mwenyewe.

Mstari ule ulikuwa na mambo haya: jina lake, Mhehe wa Iringa, parokia aliyobatizwa, jina la mke, umri wa “karibu 40”, jina la shamba alilofanya kazi, siku aliyokufa na siku aliyozikwa, ambazo zilifuatana. Alipakwa mafuta ya wagonjwa. Sababu ya kifo iliandikwa kwa neno ambalo halihitaji mkalimani: pneumonia.

Hicho ndicho kichomi. Baba mkubwa alisema kichomi tangu siku ya kwanza.

Mwishoni mwa mstari, mahali pa aliyetoa taarifa, kulikuwa na neno la Kilatini lenye maana ya kaka au ndugu, na jina la baba mkubwa. Ndiye aliyekwenda misheni kusema mdogo wake amekufa, na kwa kadiri kitabu kinavyoonyesha, ndiye aliyesimama kaburini. Mtu anayemficha mdogo wake usiku kwa uchawi haendi asubuhi kumwandikisha kwa padri.

Makaburi ya zamani ya misheni hayana alama. Kuna majani, miembe miwili na vilima vya udongo vilivyokwisha kulingana na ardhi. Nilisali, nikachukua udongo kiganja kimoja, nikaufunga kwenye leso.

Kilichokuwa ng’ambo ya njia

Bibi alisikiliza nikisoma bila kunikatiza. Nilipofika kwenye jina la baba yake mkubwa aliniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza kama padri yule aliandika siku ileile au baadaye. Nikamwambia siku ileile. Akasema, “Basi tulimwonea.”

Wiki iliyofuata alinituma nimwite dada yake, binti wa baba mkubwa, ambaye naye ana umri mkubwa na anatembea kwa fimbo. Sikuwa na uhakika kama atakubali kuja. Alikuja, akiwa ameshika bahasha ya nailoni.

Ndani ya bahasha kulikuwa na kadi ya ubatizo ya baba yake bibi, ile aliyosafiri nayo. Ndiyo iliyomwezesha padri wa Kilosa kujua aandike barua parokia gani. Baba mkubwa aliileta pamoja na rozari, akaipeleka kwa wazee kama ushahidi, wakaikataa wakisema hata mwizi huja na mali ya aliyemwibia. Akaihifadhi. Alipokufa mwaka 1979 aliwaachia watoto, akawaambia wasiitupe, ipo siku ataulizwa.

Mimi nilisafiri hadi Kilosa kutafuta kitu ambacho nusu yake ilikuwa ng’ambo ya njia. Hakuna aliyeuliza. Na nyumba ile, kwa kuchoka kutukanwa, haikuona sababu ya kusema tena.

Na baiskeli? Dada alicheka kidogo. Baba yao hakunywa pombe, akajaza vipande, akanunua baiskeli. Manamba wengi walirudi na baiskeli. Ilikuwa ndiyo alama ya kuwa mtu amefanya kazi.

Yapo yasiyorudi. Kaka yule ambaye turubai lake lilifungwa jirani alizikwa bila bibi, na hilo linamuuma mpaka leo. Baba mkubwa alifariki akijulikana kama mtu aliyemuuza mdogo wake. Kitabu hakiwezi kumfufua akasikia kuwa ameaminiwa. Kilichowezekana ni misa moja ya marehemu kwa ajili ya ndugu wawili, majina yao yakisomwa pamoja, na udongo wa Kilosa kufukiwa kando ya kaburi la mama yake bibi. Nyumba zote mbili zilikuja. Baadhi ya vijana walikuwa wakisalimiana kwa mara ya kwanza.

Wanaotafuta mbali zaidi

Familia yetu haiko peke yake. Mkoa huu una kisa maarufu kuliko vyote cha ukoo kumtafuta mzee wake. Mtwa Mkwawa alipojiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, kichwa chake kilichukuliwa. Kurudishwa kwa fuvu lake kuliandikwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246. Ilichukua mpaka mwaka 1954 fuvu kukabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, pale Kalenga. Gavana Edward Twining alilichagua katika makumbusho ya Bremen, Ujerumani, kwa kulinganisha vipimo vya mafuvu na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai.

Leo vipimo vimekuwa vya vinasaba. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kuwa baada ya kuchunguza mafuvu yapatayo 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, imepata ndugu walio hai wa mafuvu matatu kutoka Tanzania. Moja liliandikwa “Akida” na lilihusishwa na mshauri wa Mangi Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Wazao wa Mangi Meli mwenyewe wametafuta fuvu la mzee wao kwa miongo mingi.

Kwa waliopoteza wazee vitani, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya majina inayotafutwa bure mtandaoni. Askari wa Afrika Mashariki waliozama na meli Khedive Ismail tarehe 12 Februari, 1944, wakielekea Asia, wameandikwa kwenye mnara wa kumbukumbu Nairobi. Lakini mwaka 2021 tume hiyo ilikiri katika ripoti yake kuwa Waafrika wengi waliokufa katika Vita ya Kwanza, hasa wapagazi, hawakukumbukwa kwa majina kama ilivyofanywa kwa Wazungu. Kama babu yako alibeba mizigo ya jeshi na hayumo kwenye orodha, usidhani hakuwapo.

“Baada ya kuugua kwa muda mfupi”

Kazi hii imenifundisha jambo moja linalohusu kazi yangu. Nilikusanya wasifu 11 za marehemu wa ukoo wetu kutoka nyumba zote mbili. Nyingi zinasema marehemu alifariki “baada ya kuugua kwa muda mfupi” au “kwa muda mrefu”. Basi.

Tunaficha kwa heshima, na ninaelewa. Miaka ya 1980 na 1990, Ukimwi ulipokuwa ukizika vijana, familia chache zilithubutu kutaja. Mkoa wetu uliumia sana: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016/17 ulionyesha maambukizi ya VVU Iringa ni asilimia 11.3 ya watu wazima, ya pili baada ya Njombe. Lakini sababu ya kifo isipotajwa, nafasi yake haibaki wazi. Inajazwa na jirani, shangazi, au kaka aliyerudi na baiskeli.

Kuna hasara nyingine pia. Daktari akikuuliza kama kuna mwenye presha, kisukari, selimundu au saratani ya matiti katika ukoo, hakuulizi kwa udaku. Magonjwa hayo yana njia ya kupita ndani ya familia, na jibu lako linaweza kuamua upimwe nini na lini. Katika wasifu zetu, nilipowauliza wazee mmojammoja, “muda mfupi” mara nne ulikuwa kiharusi. Sasa kila mtu wa ukoo aliyevuka miaka 40 ameambiwa akapime presha. Kituo cha afya kipo hapahapa Ipogolo, hakihitaji nauli.

Kama unataka kuanza

Anza na walio hai, na anza na mkubwa kuliko wote. Muulize majina ya ubatizo au ya kiislamu, majina ya utani, kijiji, mwiko wa ukoo na mashahidi wa ndoa. Mwaka akiwa haukumbuki, muulize kulikuwa na nini: njaa ipi, chifu yupi, uhuru ulikuwa umepatikana au bado.

Kusanya wasifu za marehemu, madaftari ya rambirambi, kadi za kliniki, vibali vya mazishi, stakabadhi za kodi, picha zenye maandishi nyuma. Jalada la mirathi katika mahakama ya mwanzo lina orodha ya warithi, na mara nyingine linataja watoto ambao familia haikuwataja.

Nenda kwenye nyumba ya ibada na barua ya utambulisho. Uliza kwa adabu, usipige picha bila ruhusa. Tangu mwaka 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, na hata bila sheria, kitabu kile kina watoto waliozaliwa nje ya ndoa ambao leo ni babu za watu.

Usikubali jina moja kuwa ushahidi. Hakikisha angalau mambo matatu yanalingana: baba, kijiji, mke.

Na vifo vya leo viandikishwe leo. Sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30. Cheti kile kinatusaidia benki na kwenye mirathi, lakini miaka 70 ijayo kitamsaidia mtu ambaye hatumjui, anayetaka kujua tulikufa kwa nini na nani alikuwa nasi.

Bibi ameniomba nimwandikie wasifu wake mapema, akiwa anaweza kunisahihisha. Tumefika aya ya pili. Ile ya kwanza aliifanyia mabadiliko mara tatu, na sasa inasema kuwa baba yake alifariki Kilosa mwaka 1951 kwa kichomi, akiuguzwa na kaka yake. Jina la kaka limeandikwa kamili.